Mbu wa Mtungini na Mbu wa Kisimani

Wenzangu walioniaga kwa chai na maandazi mwezi uliopita waliniomba niwaachie walimu wapya maandishi kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani walitarajia niseme nilianza daraja gani, nikapanda hadi lipi, na nilihamishwa mara ngapi. Mambo hayo yamo kwenye jalada langu ofisini, na kwa jinsi ninavyozifahamu ofisi zetu, jalada hilo limekwisha kuliwa na mchwa. Mimi nitaandika habari za mbu.

Nilizaliwa Nyangamara zama za Mwingereza, kwa wakulima wa mtama na mihogo. Nilipomaliza shule ya kati nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Sikuwa nimeomba ualimu. Niliomba ukarani, kwa sababu karani wa boma alikuwa na baiskeli. Baiskeli nilikuja kuipata baada ya Uhuru, naye karani alikuwa ameshaitumia vya kutosha.

Hadi nafika chuoni nilijua kwamba mdudu ana miguu sita. Nilijua kwa kuimba. Mwalimu wetu alitangulia, sisi tukaitikia, na kiboko kilimshughulikia yule aliyeitikia nane. Siku ya kwanza ya somo la viumbe, mkufunzi wetu aliingia darasani amebeba kikapu chenye mfuniko. Aliitwa Mwalimu Rafaeli, Mkatoliki kutoka milimani huko ndani ya wilaya ya Kilwa, mtu mfupi mwenye sauti ndogo na subira ya kutisha. Akapita kwenye madawati, kila mmoja akaambiwa atie mkono kikapuni achukue chake. Mlikuwa na panzi. Wangu alikuwa na nguvu, tukashindana kidogo, nikamshinda.

"Ana miguu mingapi?" akaniuliza.

"Sita, Mwalimu."

"Hesabu."

"Sita, Mwalimu."

"Hesabu kwa kidole."

Nikahesabu kwa kidole. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umebaki kikapuni. "Mitano," nikasema.

"Sasa ile sita uliitoa wapi?"

"Kitabuni, Mwalimu."

"Kitabu kimemwona panzi huyu?"

Nikasema hakijamwona. Akaenda kwa mwenzangu aliyefuata, ambaye kwa kuogopa yaliyonipata mimi alikuwa ameshahesabu hadi vipapasio.

Huo ndio ulikuwa ualimu wa Mwalimu Rafaeli, na kwa miaka miwili haukubadilika. Hatukuruhusiwa kutamka neno "mzizi" kabla hatujang'oa kitu. Alitufundisha kuotesha kunde kwenye karatasi yenye unyevu iliyobanwa ndani ya chimni ya taa, ili mzizi uonekane ukishuka. Alitufundisha kuomba chupa za jemu kwenye nyumba za wakubwa, jambo lililohitaji adabu nyingi kuliko somo lenyewe. Siku moja alileta mapafu ya mbuzi kutoka machinjioni, akachomeka bua la jani la mpapai kwenye koo, akapuliza. Mapafu yakainuka juu ya meza kama kitu kilichokumbuka jambo. Mwenzangu mmoja, Likunda, alianguka na benchi lake. Alipozinduka aliomba ahamie kufundisha hesabu, na nasikia alifanya vizuri sana huko.

Kwa habari ya mbu, Mwalimu Rafaeli alituambia kwamba kuna wa namna mbili tunaopaswa kuwatambua wakiwa bado majini. Kiluwiluwi wa mbu wa kawaida huning'inia kichwa chini, mkia juu. Kiluwiluwi wa mbu wa homa hulala sambamba na uso wa maji. Chupa aliyotuletea siku ile ilikuwa na wale wa kuning'inia tu. Wa kulala hakuwapata, kwa hiyo aliwachora ubaoni, nasi tukawanakili. Kwenye mtihani niliandika vizuri kabisa, nikapata, nikasahau.

Mwaka wa mwisho tulitawanywa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Mimi nilipelekwa kijiji kimoja kati ya Kiswere na Lindi. Jina lake silitaji, kwa sababu wajukuu wa waliohusika bado wapo na wanajua ninapoishi. Nilishuka kwenye lori na sanduku la mbao lililokuwa likigongana ndani. Aliyenipokea ni mwalimu mkuu, Mwalimu Seifu, mwenyeji wa pwani, mtu mtaratibu ambaye sikumbuki kumwona akitembea haraka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sanduku hilo lina nini?"

"Chupa, Mwalimu."

"Za dawa?"

"Tupu."

Akalitazama sanduku, kisha akanitazama mimi. "Karibu," akasema.

Shule ilikuwa ya udongo na makuti, madarasa mawili na kibaraza. Nilipewa darasa la tatu. Wasichana walikuwa watatu tu, na Mwalimu Seifu aliwakalisha mbele ili wasisumbuliwe. Wa katikati alikuwa Zainabu, binti wa Bi Mwanaisha. Macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu. Alinitazama kama mtu anayesubiri nidondoshe kitu.

Nikaamua kuanza na mbu, maana ndio kitu pekee kilichopatikana kwa wingi bila kuomba. Nikawauliza watoto mbu wanatoka wapi. Mmoja alisema mikokoni. Mwingine alisema babu yake anajua kwa hakika kwamba wanaletwa na upepo wa kusi. Wa tatu alisema wanazaliwa na giza. Sikubishana na mtu. Niliwatoa nje hadi kwenye pipa la maji ya kunawia lililokuwa chini ya upenu, nikachota kwa chupa, nikawauliza wanaona nini. Waliona vijidudu vinaning'inia kichwa chini na kupinda-pinda vikiguswa. Tukafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua na uzi, tukaiweka dirishani, nikawaambia kazi yao ni kutazama.

Walitazama. Waliviona vijidudu vikijivua ngozi. Waliviona vikijikunja vikawa na umbo la korosho, ila ukubwa wake kama mbegu ya ufuta. Mwalimu Seifu akipita alisimama mlangoni na kuuliza kama somo limeanza. Nilimjibu kwamba linaendelea. Akasema haya.

Asubuhi moja tulikuta mbu wamekaa kwenye chandarua, kwa ndani. Zainabu akasimama.

"Mwalimu, usiku nani amefungua chupa?"

"Hakuna aliyefungua."

"Sasa hawa wameingilia wapi?"

"Wewe unasemaje?"

Akakikagua chandarua, akaukagua uzi, akainama kutazama majini, ambamo ngozi tupu zilikuwa zinaelea. "Hawakuingia," akasema. "Walikuwemo."

Sijapata jibu lililonifurahisha zaidi ya hilo katika kazi yangu, na kabla jua halijazama lilikuwa limeniponza. Kwa furaha niliwaambia kwamba homa inayotusumbua huletwa na mbu, kisha nikawapa kazi ya nyumbani. Nilisema, "Nendeni mkaangalie kama maji ya kwenu yana viluwiluwi. Kesho mniambie." Neno nililotumia ni "mkaangalie". Nalisisitiza hapa kwa sababu baadaye lilijadiliwa sana.

Ilikuwa kiangazi. Visima vya karibu na ufuko maji yake yalikuwa ya chumvi, hayafai hata kwa chai. Maji matamu yalikuwa kisima kimoja tu ng'ambo ya kilima, mwendo unaochosha shingo ya mwenye ndoo ila haumchoshi mbu. Wanawake waliondoka alfajiri, wakateka, wakajaza mitungi, kisha wakaenda kwenye shughuli nyingine. Mchana ule wengi wao walikuwa pwani, bahari imekupwa, wanaokota chaza. Watoto wangu walifika nyumbani, wakaangalia, wakakuta. Zainabu aliumwaga mtungi wa kwao hadi tone la mwisho. Kisha akatoka na wenzake, nyumba hadi nyumba. Hadi magharibi mtaa mzima haukuwa na maji ya kutia udhu.

Asubuhi yake nilikuta wanawake wamejaa kibarazani mwa shule. Nikasema shikamoo. Hakuna aliyeitikia. Kwa mtu wa pwani kutoitikia shikamoo si jambo dogo, na mimi mtu wa Nyangamara nilielewa hivyo hivyo.

Bi Mwanaisha ndiye aliyesema. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga ameifunga kwa kukaza, sauti haikupanda hata kidogo.

"Mwalimu, mwanangu nilimleta asome. Sikumleta ajifunze kunimwagia maji."

"Niliwaambia waangalie tu, mama."

"Basi wameangalia. Na mitungi yetu sasa nayo inaangalia juu, mikavu."

Mwanamke mwingine akamgeukia Mwalimu Seifu. "Kwani huyu ni mwalimu au mwanafunzi?"

"Ni mwalimu mwanafunzi," akajibu Mwalimu Seifu.

"Ndiyo maana."

Mwalimu Seifu akaomba radhi kwa niaba ya shule, kwa maneno marefu na mazuri ambayo mimi sikuwa na uwezo nayo. Mwishoni akanigeukia. "Utateka maji," akasema. "Kila nyumba iliyomwagiwa. Asubuhi utafundisha, alasiri utateka."

"Mitungi ni mingi, Mwalimu."

"Ndiyo," akasema. "Wamefanya kazi nzuri."

Nilidhani limekwisha. Wanawake walianza kushuka kibarazani, ila Bi Mwanaisha alikwenda hadi dawati la mbele, akamshika Zainabu mkono. "Huyu anabaki nyumbani," akasema. "Aliyosoma yanatosha." Wakatoka pamoja. Mama za wale wasichana wengine wawili walikuwa wanamtazama Bi Mwanaisha, na mimi nilijua wanatazama nini. Zainabu asiporudi, dawati la mbele lingebaki tupu kabla ya mfungo. Niliona pia Mwalimu Seifu, ambaye aliwahi kuzunguka mtaa mzima kuwaombea wasichana hao watatu, akikaa chini polepole kuliko kawaida yake.

Mchana ule niliazima mzegamzega, ule mti wa begani unaoning'inizwa debe huku na huku. Nilikuwa sijawahi kuubeba. Kwetu maji huteka wanawake, na huku vilevile, ila wauza maji wa mjini ambao ni wanaume na wana mabega yao. Safari ya kwanza nilifika nyumba ya kwanza na nusu ya maji. Nusu nyingine ilikuwa kwenye suruali yangu. Watoto walinifuata. Wanawake walioshika njia walinipisha kwa heshima iliyozidi kiasi, kisha nikisogea, nyuma yangu wakacheka hadi wakalazimika kushusha ndoo. Mmoja alinionea huruma, akanionyesha kazi ya majani: ukitia tawi bichi juu ya maji, hayarukiruki. Hilo nalo chuoni hatukufundishwa.

Nyumba ya Bi Mwanaisha niliiacha mwisho, kwa woga. Zainabu alikuwa uani anamenya mihogo. Mama yake alikuwa ndani, mlango wazi, nasikia anapepeta. Nikapiga hodi, nikakaribishwa kwa neno moja, nikamimina maji mtungini. Nilipomaliza nikamuuliza Zainabu kwa sauti ya kawaida, maana kwa kweli nilitaka kujua.

"Niliwaambia muangalie. Mbona ukamwaga?"

Hakuinua macho kwenye mihogo. "Juma alikufa masika, Mwalimu. Mdogo wangu. Kwa homa. Wewe umesema homa inaletwa na mbu. Nimewakuta kwenye mtungi tuliokuwa tunamnyweshea maji. Ningewaangalia tu?"

Ndani, ungo ukanyamaza.

Chuoni tuliandaliwa kwa maswali ambayo wanafunzi huuliza. Hilo halikuwemo. Niliyatundika madebe yangu matupu kwenye mzegamzega, nikaaga, nikaondoka. Usingizi haukuwa mwema.

Kesho yake alasiri nilirudi kisimani. Upande wa chini wa kisima palikuwa na mashimo ambako watu huchimba udongo wa kukandikia nyumba. Maji yanayomwagika wakati wa kuteka, na yale yanayochuruzika yenyewe ardhini, yalikuwa yamejikusanya humo, safi kabisa, jua linayapiga. Mtu angeweza kuyanywa. Nilikaa ukingoni nipumzishe bega. Nikawa natazama maji kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama.

Juu ya maji palikuwa na vipande vya uzi mweusi. Nilivihesabu bila sababu. Kisha kimoja kikasogea kinyumenyume.

Nililala kifudifudi pale kwenye matope, mwanamume mzima mwenye suruali ya chuo, uso karibu uguse maji. Hakuna aliyening'inia. Wote walikuwa wamelala sambamba na uso wa maji, kama wale wa ubaoni. Nilikuwa nimewachora, nimewaandika, nimepata alama zote kwa ajili yao, na nilikuwa nimepita kando yao siku nzima na madebe bila kuwaona. Wale wa mtungini, walioning'inia, walikuwa wengine. Si kwamba wa mtungini ni wema. Wapo wa ukoo huo wanaoleta matende, na pwani yetu haina upungufu wa matende. Ila homa ya Juma haikutoka kwenye mtungi wa mama yake. Kama ilitoka mahali, ilitoka hapa, mahali ambapo kila nyumba ilikuja kila alfajiri.

Nilichota kwa debe, nikateremka na mzegamzega hadi kwa Bi Mwanaisha. Safari hii hakuwa ndani. Alikuwa amekaa kizingitini, na Zainabu yuko kando yake anasuka ukili wa mkeka. Nikasema shikamoo. Bi Mwanaisha akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, huenda kwa kusahau. Nikasema niliyokuja kusema, yakiwa bado yana moto, maana nilijua nikiyapanga sitayasema.

"Zainabu, wale uliowamwaga si wenyewe."

Mkono wake ukasimama kwenye ukili. "Si wenyewe vipi?"

"Ni mbu, lakini si mbu wa homa. Mbu wa homa halelewi mtungini mwenu. Mimi sikuwaambia hivyo, nilisema mbu tu. Mtungi wenu haukuwa na kosa."

Nilikuwa nazungumza na mtoto, lakini aliyefumba macho ni mama. Nadhani tangu mtungi ule umwagwe, kila alipochota kikombe cha maji alikuwa anawaza kwamba ndicho alichompa mwanawe.

Zainabu yeye alikuwa na swali moja. "Wenyewe wako wapi?"

"Kisimani. Kwenye mashimo ya udongo."

Akaweka ukili chini, akachukua ndoo.

"Unakwenda wapi?" mama yake akamuuliza.

"Kuteka maji, mama."

Mtungi ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Bi Mwanaisha aliutazama, akamtazama mwanawe akipotea nyuma ya nyumba ya jirani, asimwite.

Nililijaza sanduku langu upya. Chupa mbili za pipa la shule, chupa mbili za kisimani, majina yameandikwa kwa chaki. Darasa likatazama tena. Wa pipani walipotoka walikaa na mgongo uliopinda. Wa kisimani walipotoka walikaa wameinua mkia, kama msumari uliopigiliwa upande. Watoto waliona tofauti kabla sijaisema, wakawa wanafukuza mbu usiku kwa majina: huyu anainama, huyu ameinua. Zainabu hakuwepo darasani. Ila kila alasiri nilipokwenda kuteka nilimkuta kisimani na ndoo yake, na kila nilichowaonyesha wenzake asubuhi nilimwonyesha yeye alasiri. Ndoo yake ilichukua muda mrefu sana kujaa.

Sasa mkaguzi. Kila mwalimu mwanafunzi alikaguliwa mara moja, na siku yangu ilijulikana. Andalio la somo nililopeleka mapema lilikuwa la sehemu za ua la mkunde, lenye picha ya rangi. Asubuhi ya siku hiyo nilimwendea Mwalimu Seifu, nikamwambia nataka kulipeleka darasa kisimani, na nawaomba kina mama watakaokuwa wanateka wasikilize.

"Mkaguzi anatarajia ua," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kisimani kuna ua?"

"Hakuna."

"Mwaka wa kwanza nilipokuja hapa," akasema, "nilizika wanafunzi wanne masika moja. Nenda. Mimi nitabaki nimngoje Bwana."

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu, soksi zimefika magotini. Mwalimu Seifu alinisimulia baadaye walivyokutana.

"Darasa liko wapi?" aliuliza mkaguzi.

"Liko kisimani, Bwana."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanasoma, Bwana."

"Nani kawaruhusu?"

"Mimi, Bwana. Twende taratibu, njia ina mawe."

Walipofika, nilikuwa nimewapanga watoto kuzunguka mashimo, kila kikundi na chupa yake. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma na ndoo zao, wengine kwa kutaka, wengine kwa sababu tuliziba njia. Bi Mwanaisha alisimama mbali kidogo na wenzake. Zainabu alikuwa na ndoo kichwani, si mwanafunzi wa mtu, amesimama katikati ya watoto na wanawake.

Sikueleza. Niliwauliza watoto, wakajibu wakionyesha. Mama mmoja akabisha kwamba maji safi hivi hayawezi kuwa na ubaya, mtoto akampa chupa. Mwingine akauliza mbona shimo lenye kivuli halina kitu. Mimi sikuwa nimeliona hilo. Nikasema sijui, tuangalie. Tukaangalia, na kweli halikuwa na kitu.

Mkaguzi akamchagua mvulana mdogo kuliko wote. "Mdudu huyu anaitwaje?"

"Analala, Bwana," akajibu mtoto.

"Nimeuliza jina."

"Sijui jina, Bwana. Ila anayelala ndiye wa homa."

Mkaguzi akaandika kitu. Kiatu kimoja kilikuwa kimezama kwenye tope, akakitoa kwa heshima. Mwishoni akaniita pembeni, akafungua andalio langu.

"Hapa pameandikwa ua la mkunde. Ua liko wapi?"

"Halipo, Bwana."

"Nitakuja siku nyingine kuliona," akasema. Hakuja. Nilifaulu. Alama zenyewe siziandiki, kwa kuwa nimeshasema mambo ya namna hiyo yako kwa mchwa.

Walimu wapya, nisiwadanganye. Homa haikwisha katika kijiji kile. Tulifukia mashimo, tukachimba mfereji wa kupitisha maji yanayomwagika, na watu wakakubali udongo wa kukandika uchimbwe upande mwingine wa kilima. Masika yaliyofuata Mwalimu Seifu aliniambia kwa barua kwamba hali ilikuwa afadhali, na masika ya pili mvua ilikata mfereji wakauchimba tena. Waliendelea kuugua, waliendelea kuchimba. Hayo ndiyo matokeo, nami nimeyaona makubwa zaidi yakitangazwa kwa kazi ndogo zaidi.

Nimebakiza jambo moja la siku ile ya ukaguzi. Gari la mkaguzi lilipoondoka, Mwalimu Seifu aliwachukua watoto wakarudi darasani kwa somo la hesabu. Wanawake wachache walibaki na majembe tuliyokuwa tumeyaazima, wakaanza kufukia. Zainabu alibaki nao. Alikuwa ameshuka ndani ya shimo kubwa, anavuta mchanga kwa jembe lililomzidi urefu.

Bi Mwanaisha akanijia. Hakuwa amekaribia siku nzima.

"Nipe nimwone," akasema.

Nikampa chupa. Akaiinua kwenye jua.

"Yuko wapi?"

"Huyo, mama. Aliyelala juu, kama kipande cha uzi."

Alimtafuta. Nilijua alipompata kwa sababu mkono wake ulitulia. Alimtazama muda mrefu, chupa imeinuliwa, na nyuma yetu majembe yanaendelea.

"Mdogo namna hii," akasema.

Nilikuwa nayo maelezo ya hatua hiyo ya kukua kwa mbu. Sikuyatoa. Akainama, akamimina chupa juu ya mchanga wa moto, polepole, hadi mwisho, akasimama akiutazama mchanga mpaka unyevu ulipokauka. Kisha akanirudishia chupa, akageuka.

"Zainabu! Weka jembe. Wenzako wameshaingia darasani."

Zainabu akainua uso. "Na maji, mama?"

"Maji nitateka mwenyewe."

Alitoka shimoni bila kusubiri aambiwe mara ya pili, miguu ina tope hadi magotini, akakata njia ya kilimani kwa mbio. Bi Mwanaisha akaipachika ndoo kichwani. Mimi nikavua viatu, nikashuka, nikalichukua jembe, maana lile shimo lilikuwa bado nusu.